Mwali Aliyetolewa Ukutani

Siku ardhi ilipotetemeka pale Kilole mimi nilikuwa mwali, na mwali haoni jua. Nasema mapema ili msomaji asije akaniuliza, kama wajukuu wangu wanavyoniuliza, kwa nini sikukimbia nje kama watu wengine. Wajukuu wangu wamezaliwa katika zama za kukimbia. Sisi hatukuwa tunatoka, tulikuwa tunatolewa. Msichana akivunja ungo aliingizwa ndani, akalishwa, akafundishwa, akanenepa, mpaka wazee wa kike waridhike ndipo apigiwe ngoma na kutolewa nje akiwa mtu mwingine. Kabla ya hapo, mlango aliusikia tu ukifunguliwa na kufungwa.

Ulikuwa wakati wa Mdachi. Reli ilikuwa imekwisha kupita Korogwe, na baba yangu alifanya kazi ya kutengeneza njia, kushindilia kokoto na kunyoosha mataruma. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Aliyenilea ni shangazi, dada yake baba, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye akikuandalia chakula alikuwa kama anakugombeza. Sikumjua mama mwingine, wala sikumtafuta.

Asili yetu ni Handeni, sisi ni Wazigua. Huko ndiko shangazi alikowekwa ndani alipokuwa msichana, na huko ndiko nyumba waliyomweka ilikoshika moto mchana. Alikimbia. Hakungoja mtu amtoe, alitoka kwa miguu yake mwenyewe, kichwa wazi, jua la utosini, wanaume wamejaa uani na mitungi ya maji. Baadaye aliolewa na Mshambaa wa juu kule Bungu, mtu mpole, wakakaa miaka bila mtoto. Mume akaoa mke wa pili. Yule wa pili alipojifungua, shangazi alijitwika kikapu chake akateremka mlima mpaka kwetu. Hakuna aliyemfukuza. Alijifukuza mwenyewe, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba siku ile ya moto jua lilimwingia tumboni na kuliunguza.

Habari hiyo alinieleza mara nyingi kuliko habari nyingine yoyote, wala hakuisimulia kwa huzuni. Aliisimulia kama mtu anavyokuonyesha shimo njiani.

Kwa hiyo nilipowekwa ndani, nilipata mlinzi asiyelala. Nyufa zote za chumba changu alizikandika kwa mkono wake. Palikuwa na tundu moja dogo lililomponyoka, na asubuhi jua liliingia pale likakaa ukutani mbele yangu, ukubwa wa punje ya hindi, likitembea polepole mpaka linafifia. Nilikipenda kile kipande cha jua jinsi mtu anavyompenda mgeni. Siku aliyokiona alikwenda akarudi na udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, akakiziba. Nilimchukia kutwa nzima. Jioni alinisuka nywele, akanipaka mafuta kichwani kwa vidole vyake virefu, nikashindwa kuendelea kumchukia.

Matetemeko yalianza madogo. Vibuyu viligongana pale vilipotundikwa, maji yakacheza mtungini, kisha kimya. Sote tulidhani ni gari la moshi, maana hata gari lilipopita nyumba zetu zilitikisika. Baba alisema ni gari la mizigo, limelemewa. Shangazi alimuuliza gari hilo la mizigo lilipita saa ngapi, na baba mwenyewe ndiye aliyekuwa relini siku nzima. Baba akaendelea kula.

Yalirudi tena, na tena. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliwaambia watu kwamba ng'ombe abebaye dunia amechoka upande mmoja, anahamisha pembe, tumwombe Mungu. Wakristo walioshuka kutoka Dindira kuuza ndizi walisema kwao kengele imepigwa na watu wamesali. Kila mtu aliomba kwa namna yake, na shangazi aliomba pia, kisha akasimama katikati ya chumba changu na kutazama juu.

Juu palikuwa na dari, na darini palikuwa na mahindi yetu yote ya mwaka. Ndivyo zilivyokuwa nyumba zetu, mahindi yalikaa juu na moto ulikaa chini, moshi ukiyafukiza wadudu wasiyaguse. Mwali alilala papo hapo penye joto. Shangazi aliyatazama yale mahindi kama mtu anayemtazama nyoka aliyelala, kisha akaanza kuyateremsha. Aliyateremsha yote. Nje hakuthubutu kuyaweka, maana nyani na askari wa akida wa Mdachi walikuwa na tabia moja, kwa hiyo akayajaza katika matenga na kuyapanga kwenye ujia, ule upenyo mwembamba uliotoka chumbani kwangu kwenda mlango wa nyuma. Moto aliuhamishia nje, akawa anapikia penye upepo, akilaani upepo.

Majirani walicheka. Walisema mahindi yataoza, na walisema mengine. Mmoja wao, mwenye watoto wengi na mdomo mpana, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sasa asiyezaa haya yote anayatoa wapi. Nilisikia nikiwa ndani. Shangazi naye alisikia. Aliingia, akapima kwa shubiri nafasi iliyokuwa kati ya kitanda changu na nguzo ya kati, akatoka tena.

Alikuja na vinu vyetu viwili vya mti, vile vizito vya kutwangia, akivisukuma kama magogo. Akavisimamisha kando ya kitanda, akaacha nafasi katikati yake. Alinieleza kwamba kinu hakivunjiki, hata nyumba ikianguka kinu husimama, na mimi nikisikia chochote nishuke kitandani niingie katikati ya vinu, nijikunje, nifunike kichwa kwa ungo. Kisha akanizoeza. Alikuwa akija ninaposinzia mchana na kutikisa kitanda kwa nguvu bila kusema neno. Nisipowahi kushuka alinifinya. Siku moja nilijibu kwa usingizi kwamba ni gari la moshi tu, basi nilifinywa mpaka nikajua mataruma yote mpaka Mombo.

Shida ni kwamba ile nafasi aliipima kabla sijanenepa. Mwali hulishwa uji wa maziwa na kuku, na mimi sikuwa mvivu wa kula. Ikafika siku nikashuka vizuri kabisa, nikainama, nikakwama. Shangazi alinitazama nilivyokuwa nimebanwa kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo, nami nikacheka, vinu vikatikisika. Alivisogeza. Uji hakuupunguza.

Kwa kuwa vinu vilikuwa kwangu, yeye alikwenda kutwanga kwa jirani, tena kwa yule yule wa mdomo mpana.

Lakini kazi aliyojivunia zaidi ilikuwa nyuma ya nyumba. Alijenga kibanda cha mabua na majani ya migomba kilichogusana na mlango wa nyuma, hakina dirisha, hakina tundu, paa lake zito. Mambo yakiharibika kabisa angenifunika kaniki, anipitishe kwenye ujia, aniingize mle. Nisingekuwa nimetoka nje. Ningekuwa nimetoka ndani moja na kuingia ndani nyingine, na jua lisingekuwa na la kusema. Alikijaribu kwa kukaa ndani yake mchana, akitazama juu, akiziba kila mahali palipong'aa. Baba aliniambia kupitia pazia kwamba dada yake angeweza kuwajengea Wadachi boma.

Tetemeko kubwa lilikuja mchana, wakati wa kupika. Nakumbuka harufu ya kisamvu. Kwanza kuku walinyamaza wote, kisha nikasikia chini ya sakafu sauti kama ya magunia yanayoburutwa, na kitanda kikanirusha. Safari hii hapakuwa na mtu wa kufinya, lakini mwili ulikuwa umefundishwa. Nilijikuta kati ya vinu, ungo kichwani, kabla sijafikiri. Udongo ulianza kumwagika kutoka ukutani. Mtambaapanya, ule mti mnene unaoshikilia paa, ulipasuka na kuanguka na nusu ya dari, ukatua juu ya vinu viwili, ukabaki hapo. Kama mahindi yangekuwa bado juu, nisingekuwa naandika haya.

Ilipotulia nilikuwa hai, gizani, vumbi limejaa kinywani. Nilisikia watu wakiitana. Nilimsikia shangazi akija mbio, akiingia kwa mlango wa nyuma, na ndipo nikasikia sauti ambayo sijaisahau, mahindi yakibingirika. Matenga yote yalikuwa yameanguka. Ujia ulijaa mahindi mpaka juu, yamebana mlango wa chumba changu, na kila alipokanyaga yaliteleza na yeye akaanguka. Aliyatupa nyuma kwa mikono yote miwili, mengine yakashuka. Yale mahindi aliyoyatoa juu yangu yasiniue, sasa yalikuwa yamenifungia.

Kisha nikasikia harufu ya moshi. Jiko la jirani lilikuwa limeangukia moto wake, na upepo ulikuwa unaleta cheche kwenye nyasi zetu. Nilimwita shangazi. Hakuitika. Sauti ya mahindi ilikoma, nikajua amekwenda zake, na nitasema kweli, hapo ndipo nilipolia.

Hakuwa amekwenda. Alikuwa amezunguka nyumba. Nilisikia panga likipiga ukuta wa mbele, ule unaotazama njia, ambako wanaume wote wa mtaa walikuwa wamekusanyika mahali peupe. Ukuta wetu ulikuwa wa fito na udongo, na udongo ulikwisha kubanduka, kwa hiyo fito zilikatika haraka. Kwanza uliingia mstari wa mwanga, halafu mkono wake. Wanaume walitaka kumsaidia, nikasikia akiwaambia wageuke, wageuke wote, watazame upande wa mlima. Lisilobudi hutendwa, lakini hata likitendwa shangazi alitaka litendwe kwa adabu.

Uso wake ulitokea kwenye tundu. Tulitazamana. Sidhani kama ulikuwa muda mrefu, ila kwangu ulitosha kuona kwamba mkono uliokuwa umenyooshwa kunivuta ulisita kwanza, na kwamba haikuwa hofu ya moto. Alikuwa na hakika ya anachokwenda kunifanyia. Alikuwa anajua, kwa mwili wake mwenyewe, nitakavyoishi.

"Njoo," akasema. "Afadhali uwe tasa kama mimi, lakini uwe hai."

Akanivuta. Nilikwama kiunoni, kama kawaida yangu, akavuta tena, fito zikanichubua, nikatoka na udongo kichwani kama panya wa ghalani. Na jua likanipiga. Jamani, lile jua. Macho yaliniuma nikayafumba, na hata nilipoyafumba lilikuwa jekundu ndani ya kope, likanishika mabega, mgongo, shingo. Watu walikuwa wanalia, nyumba zinateketea, nami nilisikia raha mpaka nikaona haya. Shangazi alikuwa amevua kaniki yake ananifunika, amebaki na kipande cha nguo kilichochakaa mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kuonekana hata na kitambaa cha kichwa kimelegea. Alinifunika, kisha akanilalia, kwa sababu kaniki ile ilikuwa kuukuu na jua lilipenya.

Baba alikuja mbio kutoka relini. Baba hapaswi kumwona mwanawe aliye mwali. Alipofika alisimama, akageuza uso kama inavyotakiwa, akauliza akiwa ametupa mgongo kama niko hai. Shangazi akajibu kwamba niko hai. Baba akabaki amegeuka vile vile, mabega yakimruka, mpaka mtu mmoja akaja kumshika mkono.

Huko juu Bungu ardhi ilimeguka na kulikuwa na misiba. Kwetu Mungu alitunusuru, tulipoteza nyumba zaidi ya watu. Tulilala nje kwa siku nyingi, chini ya mikeka, na mimi nililala katika kile kibanda cha mabua, ambacho hakikutikisika hata kidogo wala moto haukukigusa. Wanawake walikaa kikao kunihusu. Wengine walisema mwali ameharibika, wengine walisema aanze upya. Walinitoa hatimaye, kwa ngoma ndogo, waliokuja walikuwa wachache na walicheza kwa heshima ya baba. Shangazi alipiga vigelegele peke yake kwa niaba ya wote ambao hawakuja.

Kumbe mmoja wa wale wanaume walioambiwa watazame mlima hakutazama mlima. Alikuwa kijana wa Kwamndolwa aliyekuwa akifanya kazi na baba. Alipeleka posa, na mama yake alipopinga kwamba huyo ni mwali aliyeonwa na jua, alijibu kwamba basi jua na yeye wameona kitu kimoja. Nilimpenda kwa maneno hayo kabla sijauona uso wake sawasawa. Mpaka leo, ingawa amezikwa, bado namsikia akiwaambia watu kwamba mke wake alimpata ukutani.

Sikushika mimba upesi. Mwaka ulipita, na mwingine ukaingia. Mume wangu hakuuliza, mkwe wangu aliuliza kwa macho. Shangazi alikuja kunitazama mara kwa mara akiwa na kitu kichwani, mara ndizi, mara mizizi ya kuchemsha, na macho yake yalishuka kwenye tumbo langu kisha yakaondoka haraka. Kila nilipompa shikamoo aliitikia kama mtu anayedaiwa. Siku moja alimwendea mkwe wangu, akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia kwamba msichana huyu akiwa hazai asilaumiwe yeye, alaumiwe aliyemtoa, na aliyemtoa ni yule aliye mbele yake. Mkwe wangu alinieleza baadaye sana. Alisema alikuwa amejiandaa kumjibu vibaya, lakini alipomtazama aliinuka, akaenda kumletea maji.

Kisha nikashika. Sikumwambia mtu, lakini yeye alipoingia tu mlangoni alijua. Alitua kikapu. Hakunipongeza, hakushangilia. Alikaa kwangu tangu siku hiyo na kuanza kunilisha kwa ukali ule ule wa zamani, na usiku alihesabu pumzi zangu, akingoja jua limchukue mtoto kabla hajafika.

Nilijifungua asubuhi. Mtoto wa kike, mkubwa, mwenye sauti. Mkunga alimwosha, akampitisha kwa shangazi ili anikabidhi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mama yangu. Shangazi alimpokea na hakunikabidhi. Alisimama naye. Alimfungua nguo, akamtazama vidole, magoti, kitovu, akamfunika, akamfungua tena. Nilidhani anamtafutia kasoro. Nilimwona midomo ikicheza, nikadhani anaomba dua.

"Kumbe halikuwa jua," akasema.

Nilikuwa nimechoka, nikacheka, nikamwambia si unaona, shangazi, si unaona. Nilidhani furaha ni moja na sote wawili tumo. Hakucheka. Nikamtazama vizuri, ndipo nikaelewa alichokuwa anakitazama, na hakikuwa mtoto wangu. Alikuwa anatazama nyumba ya Bungu aliyoiacha bila kufukuzwa, mume mpole, kile kikapu, na miaka yote aliyokaa mbele ya watu kama mkosaji kwa sababu siku moja miguu yake ilimbeba kutoka motoni.

Nilimsogezea nafasi kitandani, akaketi, mtoto mikononi. Akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, si siku ya tetemeko, si siku ya ngoma ile ya watu wachache. Mkunga alitaka kumchukua mtoto nikamkataza. Nilimshika shangazi mkono, nikamwambia lile ambalo nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia tangu Handeni, kwamba nyumba ilikuwa inaungua, naye alikimbia, na hakufanya kosa lolote.

Alimvuta mtoto karibu na kifua.

"Nilikuwa mtoto, mwanangu," akasema. "Nilikuwa mtoto tu."